Bakuli Moja Ndani ya Hodhi Jipya

Jumapili, 22 Juni

Nyumba ya Yaeko imeanza kupigwa vigae leo. Nimekwenda kukagua. Fundi alikuwa ameanzia upande wa kaskazini. Nikamwambia upande wa kaskazini si wa kuanzia. Akasema, "Asante, babu," akaendelea na upande wa kaskazini. Mafundi wa siku hizi!

Yaeko ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu Takeo na mkewe Hatsue, ambao nakaa nao. (Takeo hasemi kitu, kwa hiyo sitamwandika.) Mumewe Yaeko ni Shigenori, mwalimu wa hesabu, kijana mpole mno. Siku ya kufungua hodhi la kuogea imeshapangwa: Jumatano, tarehe mbili Julai, siku ambayo kila nyumba hapa kwetu inapika udoni baada ya kupanda mpunga. Siku nzuri. Mimi ndiye niliyeichagua. Yaeko alikuwa ameichagua kabla yangu, lakini mimi niliichagua kwa nguvu zaidi.

Nyumba mpya hapa kwetu haiogewi ovyo. Anaingia kwanza mkubwa kuliko wote katika ukoo. Anakaa kwenye maji ya moto hadi shingoni, analetewa bakuli la udoni, tambi nene kama kidole, anakula humo humo majini. Akimaliza, kiharusi hakimjui tena, yeye wala nyumba hiyo. Baba yangu alikula hivyo mwaka nyumba yetu ilipojengwa. Akafa na miaka tisini na moja, viungo vyote vikifanya kazi, hasa mdomo.

Mkubwa kuliko wote sasa ni mimi. Hakuna mjadala.

Sasa niandike jambo lisilosomwa na mtu. Mkono wa kushoto. Tangu wiki ya kupanda mpunga unaamka baada yangu. Mimi nimeshakaa kitako, wenyewe bado umelala. Alhamisi nilidondosha bakuli, nikamsingizia paka. Paka alikuwa nje, ananitazama dirishani. Hatsue alifagia vipande vya bakuli. Mimi najua kiharusi kinavyoingia. Kaka yangu Matsukichi kilimwanzia hivi hivi, kwa kidole gumba. Miaka saba akalishwa kwa kijiko.

Mimi silishwi kwa kijiko. Tarehe mbili naingia, nakula, yamekwisha. Bado siku kumi.

Jumatatu, 23 Juni

Kwa Bi Otsuru saa moja asubuhi. Duka lake halina kibao, ila moshi. Unapewa tambi zako kwenye bakuli, unazichovya mwenyewe kwenye maji yanayochemka, unajimiminia supu ya dagaa, na majani ya kitunguu yakikwisha unachukua kisu unakwenda kuyakata shambani kwake, nyuma ya choo. Mimi sikati. Mimi nawaelekeza wengine yalipo mazuri.

Kumbe kreti ninalokalia siku zote limekaliwa. Na nani? Kamejiro! Huyu ni babu yake Shigenori, ametoka ng'ambo ya milima majira ya baridi yaliyopita kuja kuishi na mwanawe. Huko kwao wanakula someni, tambi nyembamba kama uzi wa kushonea, wanaziacha zielee kwenye maji baridi halafu wanazivua kama samaki. Mtu aliyekulia hivyo utamfundisha nini? Anatafuna udoni! Nilimhesabia. Mara ishirini na mbili, tonge moja.

Nikamwambia, mzee mwenzangu, udoni hautafunwi, unamezwa. Utamu wake uko kooni, meno hayahusiki. Akajibu polepole kwamba huko kwao koo ni la kupumulia.

Watu wakacheka. Bi Otsuru akacheka zaidi.

Hapo nikasimama ili ajue nani ni nani. Nikaeleza yote. Hodhi jipya, maji hadi shingoni, bakuli, kiharusi, baba yangu, tisini na moja. Nilieleza vizuri mno, hata Bi Otsuru akaacha kukata tambi. Kamejiro hakuwa na habari kabisa. Ng'ambo ya milima hawana kitu kama hicho, na tarehe mbili alikuwa amepanga abaki nyumbani kwa sababu ya magoti. Akauliza, huyo mkubwa anayeingia ni wa upande wa mke tu, au wa pande zote mbili?

Pande zote mbili, nikasema. Kwa sauti.

Akaweka vijiti chini. Akasema basi hilo ni jambo la heshima sana, na kwamba yeye ana themanini na mbili.

Mimi nina sabini na tisa.

Nimerudi nyumbani supu ikiwa nusu. Haijawahi kutokea.

Jumanne, 24 Juni

Nimemwambia Yaeko kwamba nina miaka themanini na tatu. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu siku nyingi, sikutaka kujivuna. Akacheka hadi akashika ukuta wenye rangi mbichi. Akasema, "Babu wee! Kwenye harusi yangu, miaka mitano iliyopita, ulisema una sabini na nne."

Kweli nilisema. Na nikambeba Shigenori mgongoni mbele ya wageni wote kuthibitisha. Na aliyepiga makofi kuliko wote ni Kamejiro. Kwa hiyo anakumbuka.

Mchana nimekwenda ofisi ya mji. Karani ni mtoto wa marehemu rafiki yangu, ana adabu. Akafungua daftari kubwa. Nikamweleza kwamba baba alichelewa kuniandikisha kwa miaka minne, kwa sababu ya mavuno. Akauliza mavuno gani yanachukua miaka minne. Nikamwambia ya zamani. Akahesabu kwa vidole, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa hesabu hiyo nilizaliwa kabla wazazi wangu hawajaoana.

Nimefunga mjadala kwa heshima ya mama.

Mkono umelala hadi saa tatu leo. Nimeshika kikombe kwa mkono wa kulia. Kikombe kinashikika vizuri tu kwa kulia, sijui kwa nini watu wanahangaika na miwili.

Alhamisi, 26 Juni

Nimepata njia! Kuna mtu alisoma shule miaka minne tu, na miwili kati ya hiyo alikuwa nyuma ya nyumba akikanyaga donge la tambi kwa miguu, lakini kichwa chake kinafanya kazi kuliko vya walimu wa hesabu. Mtu huyo ni mimi.

Kamejiro anatafuna mara ishirini na mbili. Basi. Leo kwa Bi Otsuru nimemwita pembeni, kwa upole kabisa, nikamwambia nilisahau sehemu moja ya mila. Anayekula hodhini haruhusiwi kutafuna hata mara moja. Bakuli zima linamezwa. Akitafuna, kiharusi kinasikia meno, kinajua pa kuingilia.

Si kweli. Nimetunga njiani.

Akawa mweupe. Akatazama bakuli lake kama mtu aliyeonyeshwa mto wa kuvuka. Akaniuliza, "Bakuli zima, bwana Unosuke?" Nikasema zima. Nikamwonyesha. Nimemeza matonge matatu mfululizo, fyuu, fyuu, fyuu, huku nimefumba macho. La nne lilinipalia kidogo, lakini nilikohoa kama mtu anayecheka.

Kesho atajitoa. Tayari namhurumia.

Jumamosi, 28 Juni

Hajajitoa. Anajifunza!

Bi Otsuru anasema anakuja mara mbili kwa siku. Alianza na tambi moja moja, anainua kidevu kama kuku anayekunywa maji. Jana mbili mbili. Leo nimemkuta amezungukwa na watu kama bingwa wa mieleka, ameinua bakuli la udoni uliotoka chunguni sasa hivi, yai bichi juu, sosi ya soya matone mawili, akaumeza wote bila meno kugusana. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akasema, "Mzee, sasa wewe ni wa hapa." Bi Otsuru akamwekea juu tofu, jibini la soya la kukaanga, bure. Miaka arobaini nakula pale, mimi sijawahi kuwekewa hata yai bure!

Na yeye mwenyewe akaja kwangu na macho yanamtoka machozi. Akasema nilikuwa sahihi. Utamu uko kooni. Miaka themanini na mbili alikuwa hajui. Akainama sana kunishukuru.

Nimemwambia anameza kwa haraka mno. Lazima mtu amwambie kitu.

Jumapili, 29 Juni

Mvua kutwa. Nimeamua kupika mwenyewe. Hesabu yangu: wote wakionja tambi zangu wataona aibu kumpa mtu mwingine bakuli. Zamani harusi zote za kitongoji hiki, na misiba yote, waliniita mimi kukanyaga. Miguu hii imelisha watu kuliko serikali.

Nimechanganya unga na maji ya chumvi, nikafunga donge kwenye kitambaa, juu mkeka, nikapanda. Kukanyaga udoni si kuruka ruka. Unazunguka kidogo kidogo kwa kisigino, uzito sawa kulia, uzito sawa kushoto, kama mtu anayetembea bila kwenda mahali. Nilikanyaga huku naimba. Nilihisi nimekanyaga sawa. Naapa nilihisi sawa.

Hatsue akaja kulisukuma donge. Akafungua kitambaa, akasimama.

Donge lilikuwa na mteremko. Upande mmoja bapa kama sahani. Upande mwingine nene, limeinuka kama mto wa kulalia. Ni kama mtu alikanyaga kwa mguu mmoja.

Nikasema sakafu ya jikoni imeinama. Hatsue amekula tambi zangu miaka thelathini. Aligusa ule upande mnene kwa kidole, akanitazama mguu wa kushoto, akanitazama mkono, akatazama ile rafu ya mabakuli ambapo paka hafiki. Akasema, "Ndiyo, baba. Sakafu imeinama." Akasukuma, akakata, akachemsha. Tambi zikatoka nyembamba kichwani na nene mkiani. Takeo alikula mabakuli mawili.

Baada ya chakula Hatsue akavaa buti na kutoka na mwavuli. Nilipomuuliza anakwenda wapi kwenye mvua yote ile, akasema kumsalimia Mzee Kamejiro, magoti yanamsumbua. Magoti! Mimi nina magoti mawili humu humu ndani na hakuna aliyeyasalimia.

Jumanne, 1 Julai

Naandika haya nimejifunga blanketi, nywele bado mbichi. Nitaandika kama yalivyokuwa, kwa sababu hakuna atakayeyasoma.

Kesho ndiyo siku. Kamejiro ana miaka na ana koo. Mimi nina akili. Nikawaza: hodhi halijui tarehe. Anayeingia kwanza ni anayeingia kwanza. Nikiingia leo, kesho yeye akae humo hadi ngozi imkunjike, atakuwa wa pili.

Mchana, baada ya kula, mafundi wanalala kwenye vivuli vya magari yao. Nikapitia kwa Bi Otsuru, nikachukua matonge mawili ya tambi zilizochemshwa na chupa ya supu, nikamwambia ni za mgonjwa. Nikaingia kwa mlango wa nyuma wa Yaeko. Harufu ya mbao mpya. Hodhi lenyewe la chuma kinachong'aa, refu kwenda chini, halijaguswa. Shigenori alikuwa amebandika karatasi: mtu yeyote asiguse kishikio cha gesi. Mimi si mtu yeyote. Nikakizungusha, tak, tak, moto ukashika.

Nikajisugua kwanza pembeni, maana mimi ni mtu safi. Nikaingia. Maji hadi shingoni. Nikaweka bakuli mbele yangu, mkono wa kushoto ukalishika, wa kulia ukachukua vijiti. Nilikuwa namfikiria baba.

Tonge la kwanza liliingia. Halafu mkono wa kushoto ukaniachia. Haukuuma. Haukutetemeka. Uliachia tu, kama mtu aliyesinzia kwenye mkutano. Bakuli likazama. Tambi zikatawanyika hodhi zima, nyeupe, ndefu, zinanizunguka. Nilizikamata nne. Zina ujanja majini.

Nikasema nitoke nikachukue kichujio. Mguu wa kushoto ukakataa. Nilishika ukingo kwa mkono wa kulia, nikajivuta, nikateleza, nikakaa tena. Nikajivuta, nikakaa tena. Na moto wa gesi unawaka, na maji yanazidi kuwa ya moto, na mimi nimo ndani na tambi na supu ya dagaa. Nilielewa jinsi chakula kinavyopikwa kutoka ndani. Nisingewaita mafundi. Afadhali kuiva.

Mlango ukafunguliwa. Kamejiro. Mikononi ana bakuli na chupa ya supu.

Tukatazamana.

Akasema alikuja kufanya mazoezi kidogo tu, kwenye hodhi kavu, ili kesho asitie aibu. Nikasema na mimi nakagua maji. Akatazama tambi. Akazima gesi. Akaweka bakuli lake chini, akakunja suruali, akaingia humo humo na nguo, akanipitisha mkono kwapani upande wa kushoto bila kuuliza ni upande gani. Miaka themanini na mbili na anavuta kama ng'ombe. Tulitoka mara ya tatu. Tukakaa sakafuni, tunahema.

Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia sijui anaongelea nini. Akasema, "Haya, bwana Unosuke." Akanivalisha kwanza mkono wa kushoto, kama mtu aliyewahi kuvalisha mgonjwa. Halafu akachukua kichujio, akavua tambi moja moja. Huo ni ufundi wa kwao, wa someni, siwezi kumnyima. Akafungulia maji, akasugua hodhi, akalikausha kwa shati lake. Akasema hodhi halijaguswa na mtu, na kama mtu akiuliza, yeye hakunikuta.

Kwa nini alifanya hivyo? Nimefikiri kutwa. Jibu ni moja: ananiogopa.

Jumatano, 2 Julai

USHINDI!

Tulikusanyika kwa Yaeko saa kumi, ukoo wote, pande zote mbili. Udoni wa leo kakanyaga Hatsue, donge lake sawa pande zote kama ubao. Halina roho lakini sawa. Sahani za tempura, yaani mboga na samaki wa kukaanga, na pombe ya mchele. Na Kamejiro kaleta someni kwenye beseni la barafu, nikasema mimi sili uzi. Nilikula kidogo kwa adabu. Mara tatu.

Shigenori akasimama. Akasema sasa tumwombe mkubwa wetu, babu yake, Mzee Kamejiro, aingie.

Kamejiro hakuinuka. Akaweka mikono kwenye mkeka, akainama hadi paji la uso. Akasema anawaomba radhi wote, kuna jambo amelificha maisha yake yote. Alikuwa na kaka aliyefariki mchanga. Wazazi wake hawakufuta jina ofisini. Yeye alipozaliwa baadaye wakampa jina la kaka na miaka ya kaka. Kwa hiyo hana themanini na mbili. Ana sabini na nane.

Mwanawe alimtazama mdomo wazi, maana hata yeye alikuwa hajui. Yaeko akatazama meza. Hatsue alikuwa anamimina chai, akaendelea kumimina.

Mimi nilikasirishwa na mambo mawili. Moja: mtu mzima anadanganya umri wake! Hana hata haya! Pili: sababu nzuri kama ile kwa nini haikunijia mimi siku ya karani?

Nikasema kwa sauti kwamba mimi nilishuku siku nyingi. Nikasema tusimhukumu. Nikainuka.

Basi nikaingia. Kamejiro akaomba akae nami ndani. Akasema ng'ambo ya milima kuna mila, mzee akiwa majini mzee mwenziwe anamshikia bakuli, ni lazima, vinginevyo ni mkosi. Sikuwahi kuisikia, lakini wale wa milimani wana mambo yao, na mimi si mtu wa kudharau mila za watu. Akakaa kwenye kigoda, suruali imekunjwa, akashika bakuli kwa mikono miwili, juu kidogo ya maji, mahali ambapo mkono wangu wa kulia ulifika bila kunyooka. Akaniingiza na kunitoa yeye mwenyewe. Nje ya mlango wote wamejipanga wanasikiliza. Yaeko akauliza, "Babu, maji vipi?" Nikajibu, "Ya kifalme!"

Nikala. Moto, chumvi, dagaa, kitunguu. Nikafika katikati koo likagoma. Sijui kwa nini. Macho yakaingia mvuke. Nikatafuna. Nadhani mara ishirini hivi. Kamejiro alisikia. Akakohoa kwa nguvu ili wa nje wasisikie.

Nilipotoka, wote wakapiga makofi. Hatsue akanifuta kichwa kama mtoto, akaninong'oneza kwamba mila ina sehemu ya pili, na baba yangu aliifuata: ndani ya siku tatu, anayekula hodhini anakwenda kwa daktari. Nikamwambia hakuna sehemu ya pili. Nikamwambia mila za nyumba hii nazijua mimi. Akasema, "Basi hata ile ya kutotafuna haipo, baba, nami nitawaambia watu kwa Bi Otsuru."

Nani kamwambia?!

Ijumaa nakwenda kwa daktari. Kwa hiari yangu.

Jumapili, 6 Julai

Daktari ni kijana, ana shingo kama jani la kitunguu. Alinidunga sindano kwenye vidole vya kushoto, akauliza kama nasikia. Vitatu nilisikia, viwili nilikisia. Akasema kiharusi kidogo kilishapita tangu mwezi uliopita, na kwamba nimekuja kwa bahati, kabla ya kile kikubwa. Kanipa vidonge vya kila siku. Chumvi nipunguze. Supu ya udoni nisiinywe hadi chini ya bakuli. Mbele ya Hatsue alisema hivyo! Hatsue akaandika.

Nimemjibu kwamba kiharusi hakiwezi kunipata, nimekula hodhini Jumatano. Akasema kilinipata kabla ya Jumatano. Vijana wana majibu.

Lakini nimewaza. Kwa nini mkono bado unachelewa kuamka, na mila nimetimiza? Leo asubuhi nimeelewa! Kosa si la mila. Kosa ni lile la Jumanne. Mimi niliingia hodhini Jumanne. Kwa hiyo Jumatano haikuwa mara ya kwanza, ilikuwa ya pili. Mtu aliyeharibu hodhi la Jumatano ni yule wa Jumanne, na laiti ningemkamata. Jumanne nayo haihesabiki, tambi zilizama. Kwa hiyo mimi, kwa haki kabisa, sijala hodhini bado.

Linahitajika hodhi jingine.

Nimetazama hodhi letu. La mbao, lina miaka mingi. Nimelipiga teke kidogo, kwa mguu wa kulia, likaanza kuvuja. Ni bahati mbaya. Nimemwambia Takeo, hakusema kitu, nimechukulia amekubali. Fundi yule wa kaskazini atakuja Jumanne kupima. Aliniuliza ni nani atakayeingia kwanza. Nikamwambia mkubwa wa nyumba, nina themanini na sita. Akanitazama juu hadi chini, akasema, "Aa, babu, hufiki." Nikamwambia hiyo ni kwa kuingia hodhini. Kwa kubeba mabomba mimi nina sabini na nne.

Kamejiro ameshaalikwa kushika bakuli. Nimemwonya asilete ndugu waliokufa.

Vidonge nameza kila asubuhi, Hatsue amesimama mbele yangu mpaka nifungue mdomo aone. Vitatu kwa mkupuo mmoja, bila maji, bila kutafuna. Kamejiro hawezi. Kesho nitamwonyesha.